Ruta ya dukani iliyokwamisha uhasibu: kisa cha kuunganisha nyaya na Wi-Fi bomani

Wiki ya mwisho ya Juni, ofisi ya uhasibu ya halmashauri yoyote Tanzania haina utani. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, malipo ambayo hayajapita kwenye MUSE, mfumo wa malipo ya serikali, yanaweza kukwama, na kila mkuu wa idara anapita mlangoni kuuliza yake yamefikia wapi. Katika halmashauri moja ya wilaya ya ukanda wa pwani, ambayo jina lake naliacha kwa makusudi, hiyo ndiyo wiki kompyuta za wahasibu zilipoanza kupoteza mtandao. Si zote. Moja inafungua mfumo vizuri, ya jirani yake inazunguka tu, na baada ya chakula cha mchana zinabadilishana zamu. Mweka hazina alimwita Afisa TEHAMA, akamwambia kwa upole unaotisha kuliko ukali: "Mwanangu, huu mtandao wako umeamua kunistaafisha kabla ya wakati?" Afisa TEHAMA alikuwa peke yake kwa jengo zima. Ndipo nilipoitwa kumsaidia.

Lawama zilishapelekwa kwa mtoa huduma wa intaneti, kama kawaida. Lakini kompyuta mbili za chumba kimoja, zilizochomekwa kwenye swichi moja (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao), nazo zilikuwa hazionani. Hapo mtoa huduma hahusiki. Tatizo liko ndani ya nyumba. Tulipoangalia anwani za IP, yaani namba ambazo kompyuta hutambuana nazo mtandaoni, jibu lilianza kujitokeza: kompyuta nzima zilikuwa na anwani inayoanza na 10, kama mtandao wa ofisi ulivyopangwa, na zilizougua zilikuwa na 192.168.0 na kitu. Mtu yeyote aliyewahi kufungua boksi la ruta ndogo ya nyumbani anaijua namba hiyo.

Kompyuta ikiwashwa huuliza kwa sauti mtandao mzima: nani ananipa anwani? Huduma ya DHCP ndiyo inayojibu. Zikiwapo mbili, kompyuta haichagui iliyo halali. Inachukua ya kwanza kujibu. Ni kama makonda wawili wanaogombea abiria mmoja stendi: aliyemshika mkono kwanza ndiye aliyempakia, hata kama basi haliendi anakokwenda. Na kwa kuwa anwani hutolewa kwa muda na kuombwa upya, kompyuta iliyokuwa nzima asubuhi inaweza kuugua mchana. Ndiyo maana zilikuwa zinabadilishana.

Kuipata ruta yenyewe kulichukua muda kuliko ilivyostahili, kwa sababu swichi za jengo lile zilikuwa za kawaida zisizosimamiwa. Swichi inayosimamiwa ungeiuliza tu, anwani hii ya MAC (namba ya kutambulisha kifaa chenyewe) iko tundu la ngapi, ikakujibu. Hizi hazina mdomo. Ikabidi mmoja akae kwenye kompyuta moja akipima bila kukoma, mwingine achomoe waya mmoja mmoja kwenye raki, kabati la swichi, mpaka majibu ya ile anwani ngeni yakatike. Waya ulitupeleka idara moja upande wa nyuma, chini ya meza, nyuma ya maboksi ya fomu za zamani. Ruta ya dukani, imechomekwa kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani) badala ya WAN (la kupokea intaneti), inamulika taa zake kwa furaha.

Mwenye ruta hakujificha. Alifungua faili akatoa nakala ya dokezo lake la miezi mingi nyuma, akiomba Wi-Fi ya ofisi ifike upande wao. Dokezo lilikuwa limepokelewa, limegongwa muhuri, limelala. Ukuta kati ya ofisi yake na korido ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima, na mawimbi ya Wi-Fi yanafika upande wa pili yamekwisha. Kompyuta mpakato aliyopewa na serikali ni nyembamba, haina hata tundu la kuchomeka waya. Alitakiwa kufanya kazi na nini? Nilimwambia Afisa TEHAMA kwamba tukiandika taarifa inayoishia kwa mtu huyu kuonywa, tutarudi hapa hapa Juni ijayo na ruta nyingine chini ya meza nyingine.

Tulizunguka jengo na simu mkononi kuhesabu majina ya Wi-Fi yanayorushwa. Yalikuwa mengi kuliko idara. Kila aliyekosa huduma alijinunulia, na nyingi zilikuwa zimekaa kwenye chaneli moja ile ile zikipiga kelele kwa nguvu zote. Kwenye masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizokanyagana, yaani 1, 6 na 11. Ruta nane za majirani kwenye chaneli ya 6 hazigawani kazi, zinagawana foleni. Nywila ya Wi-Fi "rasmi" ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya rangi ukutani mapokezi, na mama lishe wa getini aliijua.

Tulipokuwa hapo, ndipo lilipojitokeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa kizima. Waya wa jengo lile uliwekwa na mradi mmoja, enzi ambazo kila meza ilikuwa na kompyuta kubwa. Wi-Fi ilikuja baadaye kwa vipande, kwa mifuko tofauti, bila mtu kukaa chini na kuuliza hivi viwili vinakutana wapi. Kiutawala vilihesabika kuwa mitandao miwili. Kiufundi ulikuwa mtandao mmoja uliofunguka wote: simu ya mgeni aliyekaa kusubiri kumwona Mkurugenzi ilikuwa barabara moja na kompyuta inayoidhinisha malipo, mashine ya alama za vidole ya mahudhurio, na kamera za ulinzi. Watu huuliza kama Wi-Fi ni salama kuliko waya au waya ni salama kuliko Wi-Fi. Swali hilo halina faida hapa. Wi-Fi ni mita chache za mwisho za waya ule ule. Kinachotakiwa kuulizwa ni nani amechomeka, kwa jina lipi, na anaruhusiwa kufika wapi, awe ameingia kwa shaba au kwa hewa.

Mapendekezo yaliyofika mezani

Kikao cha menejimenti kilitoa mawazo mawili, yote ya moyo mweupe. La kwanza: tuhamie Wi-Fi kabisa, nyaya ni mambo ya kale. La pili, la mkaguzi wa ndani: tupige marufuku Wi-Fi jengo zima.

La kwanza linasahau kwamba hewa ni ya kushirikiana. Kwenye chaneli moja anazungumza mmoja kwa wakati mmoja, wengine wanasubiri, na kifaa cha zamani kilicho mbali huzungumza polepole na kula muda wa wote. Waya wa swichi hauna tabia hiyo. Kila tundu lina njia yake. Kitu kisichohama mezani, kama printa, kamera, simu ya mezani ya IP au kompyuta ya malipo, hakina sababu ya kwenda hewani kushindana na simu. La pili linasahau ile ruta chini ya meza. Marufuku bila huduma mbadala huzaa ruta zilizofichwa vizuri zaidi, na tayari kazi zenyewe zimekwenda kwenye vishikwambi na kompyuta mpakato.

Tulichopeleka ni mchoro wa mtandao mmoja uliogawanywa. Mradi wa TEHAMA wa taasisi ya umma hupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo ipo kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019, kwa hiyo mchoro ulipaswa kueleweka na mtu asiyelijua jengo. Nadhani hilo lilitusaidia. Ukilazimika kumwelezea mgeni kwa nini chumba cha seva kiko kando ya choo, unakihamisha.

Kugawanya

Swichi mpya zilikuwa za kusimamiwa. Kwa VLAN, swichi moja hugeuzwa kuwa mitandao kadhaa isiyoonana, na kiwango chake, 802.1Q, kipo tangu 1998. Si teknolojia ya kuogopa. Tuliweka mafungu machache: fedha, watumishi wote, vifaa vya ofisi, ulinzi na mahudhurio, wageni, na moja la usimamizi wa swichi zenyewe. Kutoka fungu moja kwenda jingine lazima upite kwenye ngome ya mtandao, na huko kuna orodha ya nani aende wapi. Mgeni anaenda intaneti tu. Mtumishi anaifikia printa, printa haimfikii mtumishi. Kompyuta za fedha zinafika kwenye mifumo ya serikali na si mahali pengine pengi.

Kuna kishawishi cha kutengeneza mafungu ishirini, kila kitengo na chake. Tulikataa. Afisa TEHAMA mmoja hawezi kukumbuka kanuni za mafungu ishirini saa kumi na moja jioni mfumo ukiwa umegoma, na kanuni asiyoikumbuka ataizima.

Swichi hizo zilitupa pia dawa ya ugonjwa wa Juni. Unaiambia swichi kwamba majibu ya DHCP yanakubalika kutoka tundu moja tu, lile linaloelekea kwenye seva. Mtu akichomeka ruta ya dukani popote pengine, majibu yake yanatupwa hapo hapo. Hakuna anayepoteza mtandao, na jina la tundu linaandikwa kwenye kumbukumbu.

Upande wa hewani tuliweka majina mawili tu ya Wi-Fi, la watumishi na la wageni, jengo zima. Kila jina la ziada hurusha tangazo lake karibu mara kumi kwa sekunde, kwa kasi ya chini kabisa, hata kama hakuna anayelitumia. Majina sita kwenye kila aksesi pointi, kifaa cha kurushia Wi-Fi, yanaila hewa kabla kazi haijaanza. Mafungu hayahitaji majina mengi, kwa sababu aksesi pointi inaweza kumpeleka mtu kwenye VLAN yake kwa kumtambua yeye.

Kumtambua ndiko kulikokuwa na mjadala mrefu. Afisa TEHAMA alikuwa na mazoea ya kuandika anwani za MAC za simu za watumishi kwenye orodha. Aliye kwenye orodha anaingia. Alikuwa analalamika kwamba siku hizi orodha haishiki. Haiwezi kushika: simu za Android tangu toleo la 10 na za Apple tangu iOS 14 hutumia anwani za kubuni ili mwenye simu asifuatiliwe. Na hata zamani, anwani ya MAC ni kitu cha kuigiza kwa dakika mbili. Tukahamia kwenye 802.1X, ambapo kila mtumishi anaingia kwa jina na nywila yake, na seva ya RADIUS inathibitisha na kusema: huyu ni wa fungu fulani. Akihamishwa kituo au akistaafu, unaizima akaunti yake moja; hubadilishi nywila ya jengo zima na kuibandika tena mapokezi.

Wenye shaka niliwatolea mfano wa eduroam, ambayo vyuo vikuu vingi duniani, vya Kenya vikiwamo kupitia KENET, mtandao wa vyuo vya huko, huitumia: mwanafunzi wa chuo kimoja anaingia kwenye Wi-Fi ya chuo kingine kwa akaunti ya kwao. Serikali ya Uingereza nayo ina GovWifi tangu 2016, akaunti moja inayofanya kazi katika majengo mengi ya umma. Hatukuhitaji ukubwa huo. Nilitaka waone kwamba Wi-Fi inayomjua mtu kwa jina si anasa ya benki.

Kuna sehemu moja ambayo mafundi wengi huiruka, nami naiona kuwa ya hatari kuliko nywila ya ukutani. Simu inapoingia kwa 802.1X inapaswa kuhakiki cheti cha seva, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, kabla ya kutoa nywila. Ukimfundisha mtumishi abonyeze "usihakiki" ili aingie haraka, siku moja mtu ataketi baa ya ng'ambo ya barabara na Wi-Fi yenye jina lile lile, na simu itamkabidhi nywila bila kinyongo. Tuliweka vyeti kwenye kompyuta za ofisi wenyewe, na kwa simu binafsi tukaandaa karatasi ya hatua za kufuata. Mama mmoja wa masijala alifuata hatua zote akafanikiwa kabla ya wakuu wa idara, akawa ndiye mwalimu wa ghorofa ile.

Tukifunga hewa, mashimo ya ukutani je? Korido ya kusubiria ilikuwa na matundu mawili hai ya mtandao, pembeni ya benchi. Mtu yeyote mwenye kompyuta mpakato na waya wa mita moja angekuwa ndani, bila kuulizwa chochote. Matundu yasiyotumika tuliyazima kwenye swichi, yanayotumika tukayawekea 802.1X ile ile. Printa za zamani hazijui kujitambulisha. Hizo zinaingia kwa anwani ya MAC, lakini zinatupwa kwenye fungu la vifaa ambako mwigizaji hataambulia kitu cha maana.

Waya wenyewe, na radi

Aksesi pointi hula umeme kupitia waya wa mtandao, na hapo ndipo manunuzi yalipotaka kutuangusha. Kiwango cha 802.3at cha umeme huo, uitwao PoE, kinaruhusu tundu kutoa hadi wati 30. Swichi ya matundu 24 haimaanishi wati 720. Nyingi zina wati 370 kwa jumla au pungufu, na zabuni iliyoandika "swichi ya PoE, matundu 24" ingeletewa ya bei ya chini kabisa. Tuliandika wati. Tukaandika pia "shaba tupu" kwenye kebo, kwa sababu soko limejaa kebo ya alumini iliyopakwa shaba. Inapima vizuri siku ya makabidhiano, kisha ikibeba umeme inapata joto na kupoteza nguvu njiani. Mzabuni alileta hiyo hiyo. Afisa manunuzi, kijana makini, alikwangua waya kwa wembe mbele ya kamati ya mapokezi, weupe wa alumini ukaonekana, mzigo ukarudi.

Jengo jipya la idara ya afya liko ng'ambo ya uwanja, zaidi ya mita 100, ambazo ndizo kikomo cha kebo ya shaba. Lilikuwa limeunganishwa kwa kebo iliyoning'inizwa kwenye nguzo na kurefushwa kwa swichi ndogo ndani ya boksi la plastiki. Kila msimu wa masika radi ilikuwa inaua swichi za pande zote mbili, maana shaba kati ya majengo mawili ni njia ya umeme. Kwa muda mtu aliweka daraja la redio la 5 GHz, likafanya kazi mpaka muembe wa katikati ulipochipua majani. Ofisi ya maji ilipoanza kuchimba mtaro wa bomba kupita uwanja huo huo, tukaomba kulaza bomba la fiba ndani yake kabla haujafukiwa. Fiba haibebi umeme. Gharama kubwa ya kazi kama hiyo ni kuchimba, na mtaro ulikuwa umeshachimbwa.

Ukumbi wa Waheshimiwa

Sehemu iliyotupa kazi kuliko zote haikuwa uhasibu. Ni ukumbi wa Baraza la Madiwani. Makabrasha ya karatasi yalikuwa yamebadilishwa na vishikwambi, na katibu anaposema "Waheshimiwa, tufungue taarifa ya utekelezaji," watu wote wanapakua faili moja zito kwa wakati mmoja kutoka intaneti, kupitia aksesi pointi moja iliyo juu ya meza kuu. Diwani mmoja mzee alisimama kwa taarifa akamwambia Mwenyekiti kwamba yeye anarudi kwenye karatasi, karatasi haizunguki.

Kuongeza kasi ya intaneti kusingesaidia. Foleni ilikuwa hewani. Tuliweka aksesi pointi mbili kwenye chaneli tofauti za 5 GHz, tukapunguza nguvu ya kurushia badala ya kuongeza, ili kila moja ihudumie upande wake, na tukatumia chaneli nyembamba za 20 MHz. Faili tukaliweka kwenye seva ya ndani, lishuke kwa waya mpaka darini na kubaki na safari fupi ya hewani. Mafundi wenzangu hupenda chaneli pana kwa sababu kipimo cha kasi kwenye simu moja kinapendeza. Ukumbi wenye watu wengi hautaki simu moja iende mbio, unataka zote zisogee.

Mwaka wa fedha uliofuata uhasibu ulifunga vitabu bila kutuita. Ruta mbili za dukani zilijaribu kuchomekwa katikati ya mwaka, swichi ikazikataa na kuandika matundu yake. Afisa TEHAMA alikwenda kuuliza huduma gani inakosekana, na chumba kimoja kweli kilikuwa na kivuli cha mawimbi, kikaongezewa aksesi pointi. Wageni wanapewa nywila ya siku moja mapokezi. Kumbukumbu za nani aliingia lini sasa zipo, na kwa kuwa ni taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihusu. Muda wa kuzitunza umeandikwa na wanaoruhusiwa kuzifungua wanajulikana.

Lililobaki bila jibu zuri ni cheti cha seva ya RADIUS. Kina tarehe ya kuisha. Siku kikiisha, watumishi wote watakataliwa Wi-Fi kwa pamoja, na kosa litakaloonekana kwenye simu halitataja cheti. Afisa TEHAMA aliyeijenga kazi hii anaweza kupata uhamisho wiki yoyote. Tarehe tumeiandika kwenye hati ya makabidhiano, kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa raki, na kwenye kalenda ya mweka hazina, ambaye alikubali kwa sharti moja: isiangukie Juni. Tukakitoa upya mapema, kiishe Septemba.